Tafakari ya siku ya 12: "Maji tu, mzee"



Ndugu zangu, tumefika siku ya 12, alhamdulillah. Tangu Ramadhani ianze nimepokea ujumbe mwingi kuhusu jambo moja, kila mtu na namna yake ya kuuliza. Mama ana sukari, tumemkataza kufunga, anafunga kwa kujificha. Baba kalazwa, uji wa asubuhi anampa jirani yake wa kitanda. Dada mmoja akauliza bila kuzunguka: baba yake amewekewa dripu, kila saa anauliza kama swaumu yake bado ipo. Si wamwambie tu kwamba ipo, roho yake itulie? Ugonjwa wenyewe si unamtosha?

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja, nimeshindwa. Mimi ni nesi, kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Mwanza na miji mingine ya kando ya ziwa letu. Swali la yule dada nililijibu zamani kwa vitendo, na nililijibu vibaya. Leo nawasimulia. Hospitali siitaji, na mambo mawili matatu ya mgonjwa nimeyabadilisha ili asijulikane.

Alikuwa mzee wa visiwani, mtu wa dagaa. Ujana wake wote aliumalizia majini usiku, taa ikiwaka, mchana yuko mwaloni anaanika. Alikuja kwetu na kidonda mguuni, kile cha sukari ambacho mtu hakisikii mpaka kianze kutoa harufu. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani, na kwa mbali ziwa lilionekana. Mpole, mtani, kila nesi kwake ni "mwanangu". Asubuhi ukimpelekea uji anashukuru sana, ukirudi unakuta kikombe kitupu. Sisi tukaandika: anakula vizuri.

Kumbe uji alikuwa anampa kijana wa kitanda cha pili. Vidonge vya asubuhi alikuwa anavificha chini ya mto, halafu anavimeza alfajiri inayofuata, kabla ya adhana, kwa maji matupu, maana wodini hakuna daku. Wenye sukari na wanaowauguza wameshaelewa hapo. Dawa ya kushusha sukari imeingia, chakula hakikuingia, na mchana mzima uko mbele.

Wengine huona swaumu ya kwetu ni nyepesi. Mwanza iko karibu na ikweta, kwa hiyo Ramadhani ije mwezi wowote ule, kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na ushee, haiongezeki kama Ulaya wakati wa kiangazi. Ni kweli kwa mtu mzima wa afya. Kwa kidonge kilicho tumboni peke yake, saa 13 ni nyingi mno.

Niligundua alasiri. Nimepita kuangalia vidonda, nikamkuta amelowa jasho hadi shuka, macho yako wazi lakini hanioni, anaongea na mtu asiyekuwepo: vuta kamba, vuta, vuta. Nikamchoma kidole. Kipimo kikasoma 2.1. Kwa asiyezijua hizi namba, sukari ikienda chini ya 3.9 tayari ni hatari, kwenye 2.1 ubongo una njaa kabisa, na usipoulisha mtu anaweza kupata degedege au asiamke tena. Sikumuuliza kitu, asingeweza kujibu. Nilimwita daktari, tukampa dextrose kwenye mshipa, yaani sukari yenyewe. Dakika chache tu akarudi, akaniuliza ni saa ngapi.

Mpaka hapo sina ninalojutia. Mtu asiye na fahamu zake humwombi ruhusa ya kumwokoa.

Shida ilikuja magharibi. Wenzake wanafuturu, yeye kashika kikombe cha chai hajanywa. Akaniita. "Mwanangu, ile dawa mliyonichoma mchana, ni chakula?"

Tulikuwa manesi wawili, wodi imejaa. Sindano za jioni sijazianza, kuna mgonjwa ametoka upasuaji anatapika, na mzee ananiangalia kama mtu anayesubiri hukumu. Nikamwambia, "Maji tu, mzee. Swaumu yako ipo."

Akasema alhamdulillah. Ile sauti bado naisikia. Akanywa chai yake. Nami nikaondoka pale nimejiona mtu mwema. Kwenye faili nikaandika: mgonjwa ameshauriwa kuhusu chakula na dawa.

Kesho yake daktari alisoma faili. Akapunguza dozi, akaagiza mzee ale milo yote, na kwa kuwa imeshaandikwa kwamba ameshauriwa, akaenda kitanda kinachofuata. Mzee naye alikuwa na hesabu zake: jana niliyumba kidogo, nikachomwa maji, nikaimaliza siku yangu salama. Basi naweza. Akafunga siku ya pili. Siku ya tatu akaanguka akielekea chooni, kidonda kikafumuka, kichwa kikagonga ukingo wa mlango. Safari hii kipimo kilisoma 1.6.

Aliyenibana alikuwa mwenzangu wa zamu, dada Mkristo. Tulipomaliza kumhudumia akaniuliza taratibu, "Siku ile ulimwambia ni sukari?" Nikanyamaza. Akasema yeye tangu juzi alimwona mzee akigawa uji, ila hakusema, aliona ni mambo ya dini, "nyie mna namna yenu". Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mmoja alidanganya kwa huruma, mwingine alinyamaza kwa heshima, na mzee kati yetu hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli kuhusu mwili wake mwenyewe.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mara nyingi jambo hili tunalipanga hivi: dini inamtaka afunge, hospitali inamtaka ale, na nesi yuko katikati anatafuta ujanja. Si kweli. Aya zile zile za Surat al-Baqara zinazotufaradhishia swaumu, ya 184 na ya 185, ndimo mgonjwa anamotolewa. Ruhusa haikuja baadaye kama msamaha kwa wanyonge, imekuja pamoja na faradhi yenyewe. Hili masheikh wetu wanalisema kila mwaka, na wagonjwa wetu wanalijua. Mzee wangu alikuwa anaijua ile aya kuliko mimi.

Tatizo ni kwamba ruhusa ile inasimama juu ya kujua. Nani ni mgonjwa, na kwa kiasi gani? Mafua si figo. Mafakihi wakasema mtu atajua kwa uzoefu wake mwenyewe, kwamba alipofunga alidhurika, au ataambiwa na tabibu anayeaminika. Yaani sheria imemwachia mgonjwa aupime mwili wake, na imempa shahidi wa kumsaidia. Mzee alikuwa na ushahidi mzito kuliko wowote: alifunga akakaribia kufa. Huo ndio ungemfungulia mlango. Mimi, niliyewekwa pale kuwa shahidi, nikamwambia halikutokea kitu. Nilidhani nimemlinda na huzuni, kumbe nimemnyang'anya ile hoja ambayo Mola wake angeipokea. Tena hakujua kama ana siku moja ya kulipa.

Mnakikumbuka kisa alichokisimulia Jabir, kilichomo kwa Abu Daud. Mtu alipigwa jiwe kichwani safarini, usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoambiwa alikasirika sana, akawahesabu wale kuwa ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza na hali hawajui. Zamani nilikuwa nakisoma kile kisa kama onyo kwa masheikh wakali. Sasa nakisoma pia kama onyo kwa manesi wapole. Wale walisema bila kujua. Mimi nilijua nikaficha. Sijui nani kati yetu ana hali nzuri zaidi.

Najua kuna atakayesema, mbona uongo umeruhusiwa mahali? Ndiyo, zimetajwa sehemu: kupatanisha watu, vita, na maneno ya mume na mke. Nimezitazama nikitafuta wodi ndani yake. Labda mwenye elimu zaidi ataiona. Ninachokiona mimi ni kwamba anayewapatanisha wawili hamfichi yeyote kitu ambacho asipokijua ataanguka chooni.

Na kuna jambo lingine ambalo ni aibu kidogo kulisema. Nimejiuliza mara nyingi, jioni ile nilidanganya kwa nini hasa? Kwa huruma, ndiyo, kidogo. Zaidi ilikuwa ni haraka. "Maji tu, mzee" ni sekunde mbili. Ukweli ungechukua robo saa: angeuliza, angelia labda, ningelazimika kukaa kwenye ukingo wa kitanda na sindano zinanisubiri. Halafu lile neno la faili, "ameshauriwa". Manesi wenzangu mnaosoma hapa, tunajuana. Mara ngapi tumeliandika neno lile kwa mgonjwa ambaye tulichomfanyia ni kumkaripia tukiwa tumesimama mlangoni? Tuko wachache, wodi zimejaa, hiyo ni haki yetu kuilalamikia na tuilalamikie. Ila ile saini chini ya neno ni yangu.

Kwa hiyo nilikwenda kumwambia. Nilingoja zamu iishe, nikavuta kiti. Nikamweleza yote: siku ile ilikuwa sukari, nilikuambia maji, nilikosea, na naamini ndiyo maana umeanguka.

Alikaa kimya muda. Akasema, "Kwa hiyo umenilisha mchana wa Ramadhani, halafu ukaniambia nimefunga."

"Ndiyo, mzee."

"Kunilisha nimekusamehe, ulikuwa unaniokoa. Ila ningejua, mwanangu, ningeogopa mapema."

Nikadhani tumemaliza. Akageukia dirishani, akasema taratibu kwamba mtumbwi ameuza, mguu wanasema vidole vitakatwa, mke ametangulia mbele ya haki. "Sasa na Ramadhani mnaichukua?" Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile aya aliyokuwa anaijua vizuri haikumsaidia. Hakuwa anaogopa dhambi ya kula. Alikuwa anaogopa kubaki mtu asiye na kitu. Siku zote tulimwambia "umeruhusiwa" kama habari njema, na yeye akawa anasikia "umeondolewa".

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aridhie tumwite imamu wa msikiti wa jirani. Alikuja baada ya adhuhuri, na kabla hajamwambia mzee lolote alimwendea daktari, akamuuliza: huyu akifunga atadhurika, kwa hakika au kwa wasiwasi tu? Daktari akamwonyesha namba mbili zile, 2.1 na 1.6. Nilisimama pembeni nikiona jinsi fatwa inavyojengwa, tofali la chini kabisa likiwa ni kipimo cha nesi. Kama mimi ningeandika namba ya uongo kwenye ile karatasi, hata fatwa ingekuwa ya uongo, na imamu asingejua.

Kwa wanaouguza, mambo machache ambayo nimeona yanawatesa watu bure. Kuchomwa kidole kupima sukari hakufunguzi. Wapo wanaokataa kupimwa mchana kwa hofu hiyo, ndio hao tunaowapokea usiku wakiwa wamezimia. Sindano isiyo ya lishe, ya insulini ikiwemo, haifunguzi. Mafakihi wa Baraza la Fiqhi walipokutana Jeddah mwaka 1997 walilipitisha hilo, wakaitoa dripu ya lishe. Kwa hiyo dextrose inafungua, wala tusiwaambie watu vinginevyo. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, fungua papo hapo hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Na usihamishe dawa ya asubuhi kuipeleka daku kwa akili yako mwenyewe. Nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, akupangie, na wako wengi wenye sukari ambao kwa mpango mzuri wanafunga salama.

Wala si mzee wangu peke yake. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2001, uliojulikana kama EPIDIAR, uliwafuata Waislamu wenye kisukari zaidi ya 12,000 katika nchi 13. Kwa wale wa aina ya pili, karibu 8 kati ya 10 walifunga siku 15 au zaidi. Na kushuka kwa sukari kwa kiwango kibaya kuliongezeka zaidi ya mara 7 mwezi wa Ramadhani ukilinganisha na miezi mingine. Wanafunga, ndugu zangu. Tukikataza wanafunga, tukidanganya wanafunga. Tofauti ni kama wanafunga tukiwa tunajua au hatujui.

Sasa dada yangu uliyeuliza. Mwambie baba ukweli. Usimwambie wakati wa futari ukiwa umesimama, kaa. Mwambie dripu hii ina chakula, swaumu ya leo haipo, na hana dhambi. Ugonjwa wake ukiwa wa kupona, atalipa siku hizo akipona. Ukiwa ule usiotarajiwa kupona, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Halafu muulize kitu ambacho mimi nilichelewa kukiuliza: katika Ramadhani, ni nini anachokiogopa kukikosa?

Utaniuliza, je akishajua yote na bado akakataa kula? Hapa hata sisi manesi hatukubaliani. Wapo wanaosema akikaidi msagie sukari kwenye maji ya dawa, utajibu mbele ya Mungu. Mimi siwezi tena. Akiwa na akili zake timamu nitamsihi, nitamwita daktari, nitamwita sheikh amwambie kwamba kujiangamiza si ibada, nitamchoma kidole kila baada ya saa chache mpaka anichoke. Akizimia nitamwokoa bila kumuuliza. Lakini kitu kitakachoingia mwilini mwake akiwa macho, atakijua jina. Kama nimekosea kuuweka mstari hapo, niambieni, nasikiliza.

Mzee alikatwa vidole viwili. Alikula tangu siku ile imamu alipokuja, bila furaha siku za mwanzo. Akamwagiza binti yake alete mchele, akaupima kwa kibaba mwenyewe kitandani, mkono unatetemeka, siku zote alizokosa na zilizobaki. Ukapikwa kwa ndugu wa wagonjwa waliotoka mbali, wale wanaolala kwenye varanda na hawana pa kupikia. Ikawa kila jioni wanakuja kumsalimia kabla ya kula.

Na magharibi ilipokaribia alikuwa anakaa kitako, kageukia dirishani, tende moja mkononi, hali mchana amekula ugali na dagaa mbele yangu. Siku moja nikamtania, mzee, unangoja nini na wewe umeshashiba?

"Kungoja hakujakatazwa," akasema, akaendelea kuangalia ziwa mpaka adhana.

Alitoka siku tatu kabla ya Idi, akapanda kivuko akarudi kwao.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape nguvu wanaokesha nao. Wenye maswali ya vibaba na kulipa, sheikh ataingia hapa leo baada ya tarawehe, andikeni mapema. Kesho in shaa Allah, siku ya 13.